Mwisho wa Mama Nelly Nimeuona Mimi

Umm Salal,
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Akinyi,

Mwisho wa Mama Nelly nimeuona. Nimeuona juzi Jumatano, saa kumi alasiri, nimekaa kwenye kiti chako, kile cha kijani kilichobonyea upande mmoja kwa sababu ulikuwa na tabia ya kukalia mguu. Wewe hukuuona. Nataka ulijue hilo kabla sijakuambia kitu kingine chochote, maana miaka miwili mizima wewe ndiye uliyekuwa unajua na mimi ndiye niliyekuwa nangoja. Leo imegeuka.

Basi, nimeshasema. Nilidhani nikilisema nitasikia raha, na sikusikia.

Nina wivu, Akinyi. Nimelizunguka neno hili miezi mitano, nikaliita majonzi, nikaliita uchovu, nikaliita joto la Doha. Ni wivu. Wengine wakiwaandikia marehemu wao huanza kwa machozi na maneno mazuri. Mimi naanza na nilichonacho, kwa sababu hukupenda nikijifanya. Ulikuwa unaniangalia tu na kusema, "Hawa, wacha hizo." Basi nimewacha.

Ngoja nianze na Ijumaa zetu, maana hizo ni zangu na hakuna wa kuninyang'anya.

Unakumbuka nilivyocheka siku uliponieleza kazi yako? Mimi nilikuwa mlinzi kwenye jengo la West Bay, kwa saa kumi na mbili kila siku nimesimama mlangoni nikiwasalimu watu wasioitikia. Wewe ulikuwa huku, kwenye nyumba yenye bustani, unamhudumia mama wa mhandisi mmoja Mwingereza. Bi Edith, miaka themanini na ushei, macho yamekufa katikati. Anaona pembeni tu. Ukikaa mbele yake anakuona masikio. Ukaniambia kazi za jikoni zinaisha saa nane, na kuanzia saa kumi mpaka magharibi kazi yako ni kukaa kitini na kutazama televisheni. Karak, ile chai yetu ya maziwa, ilinitoka puani. Mimi nina malengelenge, na wewe unatazama picha!

Ukanieleza vizuri. Bi Edith ana kasha la diski kumi na nne, mchezo wa zamani wa televisheni ya kwao, Uingereza ya kaskazini, kule kwenye viwanda vya sufu na vilima na mvua isiyokatika. Maneno anayasikia, lakini picha haioni. Basi wewe unamwambia nani ameingia, ameshika nini, amenuna au ametabasamu. Naye anakurudishia maneno, kwa sababu Kiingereza cha watu wale wanakitafuna kwanza ndipo wanakitoa, na wewe pamoja na shule yako yote ulikuwa unaambulia nusu. Yeye masikio, wewe macho. Kila alasiri mnakaa hivyo, diski moja mnairudia na kuirudia wiki nyingi.

Halafu Ijumaa inafika. Unatoka ibada Mesaimeer na kitenge chako cha kanisani, mimi nakungoja nje ya geti kwenye kivuli cha ukuta, tunakwenda kafteria ya yule Mhindi wa Kerala, karak mbili, chapati moja tunagawana. Na hapo unanisimulia wiki nzima ya Mama Nelly. Mimi sikuwahi kuona hata picha moja ya mchezo ule. Nilichokuwa naona ni mikono yako. Ulikuwa unasukuma mitambo ya kufuma hapo juu ya meza, unafunga vifungo vya koti la mtu, unafungua barua ambayo haipo. Nikikukata kwa maswali unaniambia, "Usiniharakishe, kwani umewacha maji kwa moto?" Ukifika penye utamu unashika kikombe kwa mikono miwili na kuinama mbele. "Sasa skiza. Hapo ndio kulichemka." Yule Mhindi mwenyewe alikuwa anaacha kufuta meza, na Kiswahili hajui.

Mama Nelly mfumaji, mume wake Arthur, watoto watatu, nyumba ya kampuni. Kiwanda kinafungwa, Arthur anakwenda kusini kutafuta kazi, barua zinakuja, kisha zinapungua, kisha hakuna. Na kampuni inataka nyumba zake. Msimamizi wa kiwanda ulimwita Nyapara, nikamjua papo hapo, maana mimi nimezaliwa kambi ya mkonge Korogwe na Nyapara wetu nilikuwa namsikia kikohozi chake nikiwa kitandani. Nilikwambia hivyo. Nilikwambia jinsi king'ora cha kiwanda kilivyokuwa kinatuamsha, na siku kilipoacha kulia tukaendelea kuamka saa ile ile bila sababu. Nilikwambia mama yangu alivyotolewa kwenye nyumba ya kambi, kitanda juu ya toroli, na baba yuko Dar "anatafuta". Hukunipa pole. Ulinishika kidole kimoja tu, hiki cha mwisho, ukaendelea kusimulia.

Wewe ulikuwa mtoto wa kiwanda cha sukari, huko kwenu magharibi. Na wewe Mama Nelly ulikuwa unamjua tangu udogoni. Hilo ndilo lililokuwa linanimaliza. Kwenye ukumbi wa wafanyakazi palikuwa na televisheni moja, imefungiwa kwenye sanduku la mbao lenye kufuli, na jioni moja kila wiki watoto mnakaa sakafuni, mwalimu mmoja amesimama kando anawaeleza Kiingereza kile. Mama Nelly alikuwa wenu. Wasichana mlikuwa mnacheza Mama Nelly uani, mnagombania nani awe yeye. Halafu kiwanda kikayumba, ukumbi ukafungwa, televisheni ikaondoka na sanduku lake kabla mchezo haujaisha. Miaka thelathini na kitu ulikuwa hujui kama Mama Nelly aliondoka kwenye nyumba ile au hakuondoka. Uliniambia hata ulipokuwa unazaa mwanao wa kwanza ulilikumbuka swali hilo, nikasema mwanamke huyu hana akili nzuri.

Na siku ya kwanza Bi Edith alipoweka diski na tarumbeta zile zikalia, ulipiga kelele jikoni. Kitunguu kikaungua. Ulikwenda sebuleni na mwiko mkononi ukiimba wimbo ule wa mwanzo, wimbo usio na maneno, na bibi yule kipofu akaanza kulia. Hapo ndipo alipokupenda. Ningekuwa mimi ningepita na ndoo yangu, nisingejua chochote.

Ukaanza kumwita "Mum". Kwanza ulinieleza kwamba ni kazi tu, wazee wa Kizungu wanapenda. Baadaye ukaacha kunieleza.

Sitakuficha jinsi nilivyokuwa. Nilikuwa nahesabu. Yeye anakupata siku sita, mimi saa tatu. Yeye anakupata ukiwa umeamka vizuri, mimi nakupata umetoka kuimba na sauti imekwaruza. Ukinisimulia kitu najiuliza, hiki kwake ulikisimulia vizuri zaidi? Ukicheka najiuliza kama kicheko hiki umeshakitumia huko. Nilikuwa nakunywa karak yangu na kukucheka kwa kukaa na Waingereza, nikakuita Lady wa Umm Salal, na wewe ukacheka pia, hukujua kwamba sikuwa nafanya utani.

Sasa Ijumaa ile ya mwisho. Lazima tuiseme.

Ulikuwa umefika diski ya kumi na tatu. Nyapara amebandika karatasi kwenye milango ya mtaa mzima, watu wana siku saba. Mama Nelly ameisoma karatasi, ameibandua, amewashia jiko. Uliigiza ile kuibandua mpaka mimi nikasikia ukucha ukikwaruza mbao. Ukafuta midomo, ukanitazama kwa lile jicho lako la kuficha zawadi, ukasema, "Ya mwisho sikusimulii. Hii utakuja uone na macho yako."

Na mimi nilisikia nini? Nilisikia kwamba umeshaiona. Umeshaiona na yeye, mmelia pamoja kwenye sofa, mmeimaliza, na sasa mimi napewa makombo kwa masharti. Nikakwambia mwisho huo kampe mama yako Mzungu, mimi sina haja na sofa za watu. Nilisema kwa sauti, mbele ya yule Mhindi. Ukaniambia, "Aki Hawa, keti chini." Sikuketi. Nilikuacha na chapati nzima nikapanda basi, nikakaa upande ambao sitakuona ukisimama barabarani.

Ulinipigia Ijumaa jioni, sikupokea. Ulinipigia Jumamosi, sikupokea. Jumatatu alasiri nipo mlangoni kazini, simu ikatetema mfukoni, nikaitoa, nikaona jina lako, nikairudisha. Nilisema moyoni, ngoja ajue na mimi nina maringo. Jumanne ukaanguka jikoni. Presha, walisema. Alhamisi ulikuwa umekwisha.

Wenzako wa kanisani walikuimbia pale Mesaimeer kabla hujasafirishwa. Nilikuja. Nilisimama nyuma kabisa na mtandio wangu, nyimbo sizijui, nikawa nafungua na kufumba mdomo tu. Bi Edith aliletwa na mwanawe, akawekwa kiti cha mbele. Watu wakapita mmoja mmoja kumshika mkono na kumpa pole kama mama wa marehemu, naye akaitikia kila mtu kwa kumtazama pembeni ya uso. Mimi hakuna aliyenipa pole. Mwanamke mmoja aliniuliza kama nimekuja kusubiri mtu. Siku ile nilimchukia bibi yule, Akinyi, Mwenyezi Mungu anisamehe. Nilimchukia kwa sababu alikuwa analia vizuri kuliko mimi.

Wiki iliyofuata niliandamana na dada zako wawili wa kanisani kuja kuchukua vitu vyako hapa. Mke wa mhandisi akaniuliza kama mimi ndiye Hawa. Nikashangaa kwamba jina langu limefika huku. Akaniuliza kama ningependa kazi, wanataka mtu wa kukaa na mama. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Kule kazini niliwaambia ni miguu, nimechoka kusimama. Uongo mtupu. Nilitaka kiti chako. Nilitaka kukaa ulipokuwa unakaa na kumnyang'anya bibi yule kila kitu ulichompa, kipande kwa kipande, na zaidi ya yote ule mwisho. Nilikuwa na hakika kwamba umempa yeye kilichokuwa changu, na nilikuja kukichukua.

Makaratasi ya kuhama kazi yalichukua miezi miwili. Hii miwili na nusu iliyobaki nimelala chumba chako. Kalenda yako ya kanisa bado ipo ukutani, sijaitoa. Mti wako wa pilipili nje umezaa kupita kiasi, Madam mdogo, mke wa mhandisi, hali pilipili, nakula mimi. Nimejifunza kupika ile pai yao ya nyama na viazi. Mwanao wa kwanza tunaandikiana. Anasema ana kikohozi chako cha kuigiza kila akiambiwa afanye kazi.

Kuhusu kazi yenyewe, ilikuwa vita. Bi Edith aliamua tuanze diski ya kwanza upya. Alisema anataka kunisikia. Nikakaa kitini, tarumbeta zikalia, na hapo nikapata aibu, maana sikutegemea. Nililia, mimi ambaye sijawahi kufika huko wala kuwa na haja ya kufika. Vile vilima vilivyolowa, zile nyumba zilizoshikana mgongo, wanawake wametoka zamu wanatembea watatu watatu wameshikana mikono. Ilikuwa kambi yetu, imepakwa baridi. Na kila uso ulioingia nilikuwa naujua. Nilimjua Mama Nelly kwa mabega kabla hajageuka, kwa sababu mabega hayo niliyaona kwako juu ya meza ya kafteria.

Lakini kumwambia bibi, sikuweza. Nikiona naganda. Nasema, "Ameingia mtu." Ananiuliza mtu gani. Nasema mwanamume. Ananiuliza anatazama wapi. Nasema dirishani. Na hapo anavuta pumzi na kusema Akinyi alikuwa anawahi zaidi. Akinyi alikuwa anamwambia na rangi ya pazia. Akinyi alikuwa anatengeneza chai kabla ya diski, si katikati. Akinyi alikuwa anamwita Mum. Mimi namwita Madam, na sijalegeza. Kila siku, Akinyi, Akinyi, Akinyi, mpaka siku moja niliufunga mlango wa jikoni nikamwambia sinki kwamba mimi ndiye niliyekuwa rafiki yako, si bibi yule. Nilikuonea wivu wewe uliyekufa. Sikujua kwamba jambo hilo linawezekana.

Jumatatu ya wiki hii tulimaliza diski ya kumi na tatu. Ile karatasi ya Nyapara. Mama Nelly aliibandua, na nikakuambia hapo hapo moyoni kwamba ulikuwa umeiweka vizuri kuliko mwigizaji mwenyewe, yeye aliibandua kwa haraka. Imebaki diski moja. Nikaitoa kwenye kasha, na kinyongo changu chote kikanipanda. Nikamwuliza bibi, kwa Kiingereza changu cha West Bay, Akinyi alikusimuliaje mwisho?

Akasema, "Hakuwahi kunisimulia. Hatukuitazama."

Nikadhani sijaelewa. Akarudia polepole, kama anavyonirudishia maneno ya mchezo. Akasema ulikataa. Mwisho yeye anaujua tangu alipokuwa mama kijana, angeweza kukuambia wakati wowote, na wewe ulimkataza. Ulimwambia umeungoja tangu utotoni na hutauona peke yako, kuna mtu wako anayesimama mlangoni kwenye mnara West Bay, naye lazima awepo. Ukaomba ruhusa nije huku Ijumaa moja, tukae watatu.

Na yeye alikunyima.

Aliniambia hivyo akiwa ameinamisha uso. Alisema alikunyima mara mbili. Alisema, na hapa nanukuu kwa Kiswahili changu, kwamba Ijumaa nzima ulikuwa wangu na hakutaka nije kuchukua na sofa yake. Alikuwa anakuona unavyojiandaa Ijumaa, yaani anasikia, unavyoimba ukipiga pasi. Alisema kwake ulikuwa unasema kilichopo tu: Nelly ameingia, Nelly ameketi, pazia la kijani. Lakini Alhamisi jioni alikuwa anakusikia jikoni ukijaribu sauti, ukifanya mazoezi ya kunisimulia mimi, kwa lugha asiyoijua, na unacheka peke yako. Miaka miwili alikuwa ananionea wivu. Mimi! Mwanamke mwenye sofa tatu alikuwa ananionea wivu mimi na kiti cha plastiki cha kafteria.

Kisha akasema Jumatatu ile, siku moja kabla hujaanguka, alilegea. Alikuambia, haya, mlete Ijumaa. Akasema ulimbusu utosini na ukakimbilia jikoni kunipigia simu.

Akinyi. Simu ilikuwa mfukoni mwangu.

Siwezi kuliandika vizuri zaidi ya hapo. Nilikaa sakafuni, si kitini. Bibi alidhani nimeondoka, akawa ananiita, anapapasa mkono hewani, na mimi nimekaa chini ya mkono wake. Tulikuvuta huku na huku kama nguo ya sokoni, yeye na mimi, kila mmoja akiogopa mwenzake atapata zaidi, na wewe ukaondoka bila kupata ulichokuwa unakingoja. Kilikuwa kwenye kasha hatua nne kutoka jikoni. Ungeweza kukitazama alasiri yoyote ukajiondolea swali lako. Ulikiacha kwa ajili yangu, na mimi nikakwambia kampe Mzungu.

Hapo nilitaka kuirudisha diski ile na tusiitazame kamwe. Bibi alisema hapana. Alisema mtu mmoja akiwa ameungoja mwisho muda wote huo, lazima uonwe na mtu. Tukapumzika Jumanne. Jumatano nikatengeneza chai kabla, si katikati, nikakaa.

Basi sasa skiza. Nitakusimulia mimi, na usinikate.

Ni siku ya saba. Mvua haijaanza lakini mbingu imevimba. Lori liko mtaani, limepakiwa kitanda, meza, saa ya ukutani imefungwa kwenye blanketi. Wanawake wa mtaa wote wametoka, wamefunga vitambaa vichwani. Nyapara amesimama ng'ambo na karatasi zake, kofia ameishika mkononi, sijui kwa adabu au kwa joto, hata yeye amekonda. Mama Nelly yuko ndani. Nyumba tupu. Anapita chumba hadi chumba anagusa kuta kwa kiganja. Halafu anachukua ndoo, anapiga magoti kizingitini, upande wa ndani wa ngazi ya mlango, ile ngazi moja ya jiwe, na anaanza kuisugua.

Bibi alinieleza hapo kwamba kwao ilikuwa desturi. Kila wiki mwanamke anasugua ngazi yake ya nje na kuipaka jiwe la manjano ukingoni, majirani waone. Mama yake mwenyewe alifanya hivyo mpaka magoti yakaharibika. Na nyumba hii kesho inabomolewa, Akinyi. Tingatinga limeshaegeshwa mwisho wa mtaa. Yeye anasugua. Anasugua kwenye kona.

Halafu mtu anapanda kilima. Mwanamume, begi begani, kofia. Nikasema, "Kuna mtu anakuja," na bibi akanikamata mkono wangu akaubana, yeye anayejua! Nilijua wewe ungenyamaza hapa. Ungeshika kikombe na kuninyima mpaka nikupige. Mama Nelly anainua kichwa, brashi mkononi, maji yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Mtu anakaribia. Si yeye. Ni fundi wa tingatinga anakwenda kazini. Anamsabahi, anapita.

Arthur hakurudi.

Mama Nelly anamaliza ukingo. Anasimama, magoti yamelowa. Na badala ya kukanyaga ngazi yake anairuka, Akinyi, anakunja sketi na kuiruka kama mtoto ili asiichafue, anampa jirani ndoo, anapanda lori. Hageuki. Lori linashuka. Picha inabaki pale kwenye ngazi, muda mrefu mno, mimi sina cha kumwambia bibi isipokuwa inakauka. Upande huu umekauka. Sasa na upande ule. Halafu tarumbeta.

Aliondoka, Akinyi. Ulichokuwa unauliza tangu ukumbini, jibu lake ndilo hilo. Aliondoka, na aliondoka vizuri.

Bibi na mimi tulikaa mpaka adhana ya magharibi. Kisha aliniomba kitu. Alisema hajawahi kusikia ulivyokuwa unanisimulia mimi. Anataka tuanze tena diski ya kwanza, lakini televisheni imezimwa. Nimsimulie kwa Kiswahili kama ulivyofanya, na aishike mikono yangu ili ajue inakwenda wapi. Kiswahili hajui hata kidogo. Amesema haidhuru.

Nilitaka kumnyima. Nakuapia, neno la kumnyima lilikuwa limeshafika mdomoni. Zile ni Ijumaa zangu, sina nyingine zaidi ya hizo. Lakini nimeshaona kunyimana kulikotufikisha, na nimekubali. Tumeanza jana. Nilisukuma mitambo ya kufuma naye amenishika viganja, mikono yake ni myepesi kama mkate mkavu, na ilipofika zamu ya Nyapara kukohoa alicheka. Naye amekubali kunilipa kwa namna yake: kila nikimaliza kipande ananieleza siku moja yenu wawili humu ndani, ulikula nini, ulinuna kwa sababu gani. Jana nimejua kwamba ulikuwa unaongea na mti wa pilipili.

Pumzika, rafiki yangu. Nakuombea kwa sala zangu, wenzako wanakuombea kwa zao, zikutane huko huko. Nisamehe ile simu. Ninakuahidi nitamsimulia Mama Nelly wote mpaka kwenye ngazi, sitaruka hata siku moja, na simu ya mtu yeyote anayenipenda nitaipokea hata nikiwa nimenuna.

Ila usidhani nimepona kabisa. Kuna lile jina ulilokuwa unaniita tukiwa wawili tu, lile ambalo halijui mtu mwingine. Bibi ameniuliza mara tatu, "Akinyi alikuwa anakuitaje?" Nimemwambia Hawa.

Ni mimi, mwenye jina lile.